Sifuri Kumi na Mbili za Mpishi

Mtaani kwetu Temeke tulikuwa na mpishi wa shughuli ambaye hakuna aliyemwamini, na hakuna aliyethubutu kufanya karamu bila yeye. Harusi, hitima, maulidi, kutahiri watoto, yote yalipita kwenye masufuria yake. Alikuja alfajiri na kikapu cha ukindu kilichofunikwa kwa kanga kuukuu, na alipoondoka jioni watu walikitazama kikapu kuliko walivyomtazama yeye. Kimejaa zaidi? Kimeinama upande gani? Mimi mwenyewe nimewahi kusimama mlangoni nikijifanya natafuta kiatu changu, ili tu nione kama mshipa wa mkono wake umekaza.

Jina lake nalijua, ila sitaliandika. Tulimwita Mpishi, hata msikitini, naye aliitika bila kinyongo. Alikuwa mrefu na mwembamba kama mwiko, na wembamba huo Shangazi yangu aliuhesabu kuwa ushahidi.

"Mwizi wa chakula hanenepi," alisema. "Chakula chenyewe hakili, anakwenda kukiuza."

"Na angekuwa mnene, Shangazi?"

"Basi tungejua anakila."

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa marehemu baba. Yeye ndiye aliyenilea mimi na mdogo wangu wa kike baada ya wazee wetu kufariki, na nyumba yetu ilisimama kwa mikono yake. Nikimtaja mara kwa mara hapa ni kwa sababu siwezi kumweleza Mpishi bila kumweleza yeye.

Mambo ya kikapu yangeweza kumpata mpishi yeyote. Lililomtenga Mpishi wetu na wengine ni hesabu zake. Ukimkaribisha chai, alikishika kikombe kwa mikono miwili, akachungulia ndani, midomo ikacheza kidogo kama ya mtu anayesoma dua, kisha akasema: "Sifuri, nukta, sifuri kumi na mbili, ishirini na tano." Ndipo akanywa.

Hizo zilikuwa kilomita za ujazo. Mpishi hakukipima kitu cha jikoni kwa kipimo cha jikoni. Kijiko cha sukari, kata ya maji, kopo la maziwa, kibaba cha mchele, vyote alivipeleka kwenye kilomita ya ujazo, na vyote vilirudi vikiwa vumbi. Asiyeelewa alielezwa.

"Chukua sanduku," alisema. "Urefu wake kutoka hapa msikitini mpaka kule njia ya reli. Upana hivyo hivyo. Kwenda juu hivyo hivyo, mpaka mwewe apite chini ya kifuniko. Sanduku hilo lijaze maji. Sasa na kikombe chako hiki kimimine humo. Umeongeza nini?"

"Kikombe kimoja," mtu angejibu.

"Umeongeza sifuri, nukta, sifuri kumi na mbili, ishirini na tano," angesema Mpishi, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Tabasamu hilo halikunipendeza hata siku moja.

Mbele yake hapakuwa na kitu kingi. Neno hilo sikulisikia kinywani mwake kwa miaka yote niliyomjua mtaani. Ng'ombe mzima amechinjwa, masufuria matatu yanachemka, wanawake wanapiga vigelegele, naye anatazama na kutafuta sifuri.

Alizipata wapi? Hapo ndipo shaka zilipozidi, kwa maana hakusimulia mara mbili kwa namna moja. Safari moja alisema kwamba enzi za Mjerumani alikuwa mpishi wa wazungu waliokwenda bara kupima maji ya ziwa, na bwana mmoja, baada ya chakula, alimpigia hesabu ya kikombe chake mchangani kwa fimbo. Safari nyingine ziwa likawa mto. Ya tatu, likawa ziwa jingine, bwana akawa daktari, na fimbo ikawa chaki. Shangazi alizikusanya habari hizo kama anayekusanya mayai. "Mtu mkweli," alisema, "hana maziwa mawili na mto."

Wakati wa vita vya pili hesabu hizo nusura zimtie matatani. Serikali ilikuwa ya Mwingereza, na vipimo vilikuwa vya Mwingereza: ratili, painti, galoni, maili. Kilomita lilikuwa neno la upande wa pili. Askari mmoja aliyealikwa kwenye hitima alimsikia Mpishi akitaja sifuri zake juu ya debe la maji, akaweka chini tonge.

"Wewe mzee, unamhesabia nani?"

"Najihesabia mwenyewe, bwana askari."

"Kwa Kijerumani?"

"Sifuri haina kabila, bwana askari."

Watu walicheka, lakini walicheka wakiangalia pembeni. Askari alimaliza kula kwanza, ndipo akamchukua Mpishi kituoni. Jioni ile ile aliachiwa. Alivyojieleza huko hatujui. Aliporudi alisema tu kwamba mkuu wa kituo alikuwa na kiu, na kwamba alimfundisha glasi yake ina sifuri ngapi. Tangu hapo wengine waliongeza shaka mpya juu ya zile za zamani, kwamba labda ameachiwa kwa sababu sasa anapeleka habari zetu. Habari gani, hakuna aliyesema. Tulikuwa watu wa kutilia shaka, na mwenye mambo yasiyoeleweka ndiye tuliyemwona kwanza.

Ilikuwepo pia hofu ya kina mama, na sitaki kuicheka. Kwetu chakula cha mtu hakihesabiwi. Ukiingia nyumba ya watu ukakuta sufuria jikoni, hukodoi macho ndani na kuanza kutaja kiasi, kwa maana jicho lina mambo yake. Na huyu alikuwa anahesabu kwa sauti, mbele ya wenye chakula. Wapo waliofunika masufuria yao akipita uani. Jirani yetu mmoja aliapa kwamba baada ya Mpishi kuutajia sifuri unga wake, ugali ulimgomea siku tatu.

Hata hivyo, walipogombana walimwita yeye. Namkumbuka akiwa kati ya wanawake wawili waliokuwa wakidaiana kikombe cha mafuta ya nazi. Mmoja alisema alikopesha kikombe kilichojaa, akarudishiwa kilichopwaya. Mwingine alisema kikombe ni kile kile. Mpishi alisikiliza, akafumba macho, akatamka sifuri zake polepole mpaka watoto wakaanza kuzihesabu kwa vidole.

"Sasa," alisema, "mnagombania nini? Kilichopungua hapa hata kwenye karatasi hakikai."

Yule mdai akashika kiuno. "Basi kama si kitu, Mpishi, mwambie anirudishie hiyo si kitu yangu."

Uani kote kukalipuka kicheko. Mpishi naye alicheka, na mafuta yakarudishwa. Mimi nilicheka na wenzangu, lakini nilirudi nyumbani na swali. Mtu anayezunguka mtaa mzima akiwaonyesha watu kwamba kinachopungua kwao si kitu, anawazoesha nini?

Nilikuwa na sababu ya kujiona hakimu. Nilisoma mpaka darasa la kumi, jambo ambalo mtaani kwetu halikuwa dogo, na nilikuwa karani kwenye ghala moja Kurasini. Siku moja nilikaa na kalamu nikazikagua hesabu za Mpishi. Kikombe alikuwa sawa. Kijiko alikuwa sawa. Kwenye debe alikuwa amekosea: alisema sifuri tisa, nami nikapata kumi. Nilimfuata kwa furaha ambayo leo inanitia haya.

"Mpishi, debe umeliibia sifuri moja."

Alifikiri, midomo ikacheza. "Kweli, karani. Ahsante. Kumbe ni dogo zaidi kuliko nilivyodhani."

Hakuona haya hata kidogo. Nilitaka aone.

Na mtu huyo huyo, aliyefanya kila kitu kuwa vumbi, sijapata kumwona akipoteza punje. Mchele ukimwagika kwenye jamvi, alipiga magoti akaziokota moja moja, akazipuliza, akazirudisha. Ukoko wa chini ya sufuria, ambao kwa desturi ni haki ya mpishi, aliubandua wote mpaka shaba ikang'aa. Alipopika hakupima lolote. Chumvi aliitia kwa kiganja, maji aliyapima kwa kidole, bizari aliinusa tu akaitupa ndani, na pilau lilitoka sawa kila mara. Nilimuuliza mbona hapigi hesabu hapo. Alisema hesabu ni ya kuzungumza na watu, na sufuria haizungumzi. Hilo nalo nililiweka kwenye fungu la mambo ya kutilia shaka.

Lakini desturi yake iliyowaudhi watu kuliko zote ilikuwa ya kupokea mchele, na ili nieleweke inanibidi niseme habari za kibaba.

Kibaba kinapimwa kwa namna mbili. Kuna kibaba cha mfuto: unajaza mchele, unapitisha kiganja juu ya ukingo, kinachozidi kinarudi guniani. Kuna na kibaba cha tele: unajaza mpaka mchele unasimama kilele juu ya ukingo na kuanza kuteremka wenyewe. Vibaba vinne ni pishi moja. Dukani unapimiwa mfuto na unashukuru. Kwenye shughuli ni tele, na hilo halisemwi. Mwenye nyumba akitamka kwamba atapikisha pishi kadhaa, kila mtu anajua ni za tele, na mialiko inatolewa kwa tele. Nyumba iliyopima mfuto siku ya karamu ni nyumba iliyojivua nguo.

Mwenye shughuli alipima mchele wake mwenyewe, chumbani, kisha akamkabidhi Mpishi na kumtajia idadi. Mpishi hakuchukua neno la mtu. Alitoa kopo lake la kupimia kibaba kwenye kikapu, akaburuta gunia mpaka pembeni, akawageuzia watu mgongo, akaupima upya. Mgongo ule ulikuwa mpana kwa mtu mwembamba namna ile. Huoni mkono, huoni kopo, unasikia mchele tu unavyoteremka. Alipomaliza aligeuka akasema neno moja, "Zimetimia." Hakupata kusema hazikutimia, kwa tajiri wala kwa fukara.

"Anachukua hapo hapo," Shangazi alisema. "Mgongo wa nini kama mkono ni safi?"

Nami niliona ni kweli.

Mdogo wangu alipata mchumba wa Kurasini miaka ya baada ya vita, wakati mchele mzuri ulikuwa bado unatafutwa kwa kujuana. Walikuwa watu wa bandarini, wenye kauli, wenye wajomba wengi, na mama yao alikuwa mwanamke anayepanguza kiti kwa ncha ya kanga kabla ya kukalia, hata kwake. Shangazi alitaka shughuli isiyo na doa. Alitangaza pishi kumi na tano. Majirani walipoguna kwa kustaajabu, alijifanya hakusikia, lakini shingo ilinyooka.

Asubuhi ya harusi nilikuwepo uani gunia lilipokabidhiwa.

"Pishi kumi na tano, Mpishi," alisema Shangazi.

Mpishi akageuka na gunia lake. Mchele ukateremka kwenye kopo, ukateremka, ukateremka. Katikati pakawa kimya kidogo. Nilimtazama Shangazi. Alikuwa ameukazia macho mgongo ule, na sura yake nikaisoma nilivyozoea kuisoma: anamtilia shaka. Kisha Mpishi akageuka, akamwangalia yeye, si mimi.

"Zimetimia."

Watu walikula kwa mafungu kama kawaida, na mafungu ya kwanza yalikula vizuri. Wajomba wa bwana harusi, kwa kuwa walikuja wamechelewa, walikaa jamvi la mwisho. Sinia lililowafikia lilikuwa na pilau lisilofunika hata kitako. Yalikuwa yale masinia ya bati yenye maua yaliyochorwa katikati, na maua yale yalionekana kabla mkono haujafika.

Mjomba mkubwa aliangalia sinia, akawaangalia wenzake.

"Jamani," alisema, kwa sauti ya kufika uani, "tumeitwa kula au tumeitwa kutazama maua?"

Hakuna aliyecheka. Shangazi alikuwa mlangoni, na nilimwona akishika mwimo.

Ndoa ilikuwa imeshafungwa, lakini mwali alikuwa bado kwetu, anasubiri kuchukuliwa. Magharibi haijaingia, ikaja kauli ya mama wa bwana harusi, imeletwa na mwanamke mmoja aliyekataa hata kukaa. Mama alisema, kama nyumba yetu haina, ingesema, wao wangeleta mchele wao. Na kama inao lakini imewabania, basi mwali abaki kwetu kwanza, mpaka wajue wameoa wapi. Mdogo wangu alikuwa chumbani, hina mikononi, anasikia kila neno.

Kesho yake mchana tulikaa barazani kwetu. Alikuwepo mjomba mkubwa, Shangazi, mimi, na majirani waliojileta wenyewe. Mpishi alikuja bila kuitwa mara ya pili. Alikaa ukingoni, kikapu miguuni.

Mjomba ndiye aliyeanza. "Mpishi, ulipokea pishi ngapi?"

"Kumi na tano."

"Za tele, au za mfuto?"

Swali hilo lilikuwa la kutusi, maana nyumba ya watu haiulizwi hivyo. Mpishi alimtazama Shangazi. Shangazi alikuwa anakunja ncha ya kanga yake na kuikunjua, hakuinua macho.

"Kibaba cha tele," alisema Mpishi, "kina sifuri kumi na mbili. Kibaba cha mfuto kina sifuri kumi na mbili."

"Sikukuuliza sifuri, mzee."

"Ukizipeleka kwenye kilomita ya ujazo, bwana mkubwa, zote mbili ni mamoja."

"Mie tumbo langu si kilomita!" mjomba akafoka. "Nakuuliza mchele wa watu umekwenda wapi?"

Mpishi akaanza tena, taratibu, sifuri, nukta, sifuri. Hapo nilichoka. Nilichoka na tabasamu la upande mmoja, ijapokuwa siku ile hakutabasamu. Nilimfikiria mdogo wangu na hina yake. Nilikuwa msomi wa nyumba, na watu walikuwa wamenigeukia wakisubiri niseme zile hesabu ni za kweli au za uongo. Nikasimama.

"Hesabu zake ni sahihi," nilisema. "Nimezikagua mwenyewe. Na ndizo zinazomshitaki. Mtu anayehangaika namna hii ili pungufu la wenzake lionekane si kitu, basi pungufu hilo limo kwenye kikapu chake."

Baraza zima lilisema "Ehee!" kwa pamoja. Mjomba alinipiga begani. "Huyu ndiye aliyesoma," alisema. "Karani, umemaliza. Basi nyumba haina kosa. Mwizi tumemwona."

Mpishi alinitazama. Alifungua mdomo, akaangalia tena upande wa Shangazi, akaufunga. Alichukua kikapu chake, akaaga, "Haya, kwaherini," kama mtu aliyemaliza kazi, akaondoka akipita kati ya watu waliovuta nguo zao asiwaguse.

Jioni mwali alichukuliwa kwa ngoma. Ameishi na mume wake kwa heshima, wamezaa, na hapana siku aliyosimangwa kwa harusi yake.

Mpishi hakuitwa tena na mtu. Aliletwa mpishi mwingine kutoka Buguruni, mnene, mcheshi, ambaye masufuria yake yalikuwa yakiungua. Mpishi wetu alijaribu kukaanga vitumbua kando ya barabara, lakini wateja walikuwa wakivigeuza geuza mkononi na kuuliza kama unga umepimwa kwa kilomita. Mimi nilikuwa napita upande wa pili. Baadaye tukasikia amehamia Kimbiji, kwa watu wa mke wake.

Shangazi aliugua miaka kadhaa baada ya hapo, ugonjwa wa kukaa kitandani na kufikiri. Mchana mmoja, nikiwa nampepea, akasema bila kunitazama:

"Mchele wa harusi ulikuwa wa mfuto."

Nilidhani anaweweseka.

"Nilipata pishi kumi na mbili za tele," alisema. "Nilizunguka mji mzima, sikupata zaidi. Nilishatangaza kumi na tano. Nikafunga mlango nikapima kwa mfuto, zikafika."

"Na Mpishi?"

"Alijua papo hapo. Kopo lake halidanganyiki. Alipogeuka mgongo nikasema moyoni, sasa ananiumbua. Akageuka akasema zimetimia."

Pepeo lilikuwa limesimama mkononi mwangu. "Shangazi, tulimwita mwizi pale barazani. Nawe umekaa."

"Nilikuwa na mwali ndani," alisema. Kisha akaongeza, kwa sauti ndogo, "Nilitaka waseme chakula kimepotea tu. Wewe ndiye uliyepata maneno."

Ni kweli. Yeye alinyamaza, maneno yalikuwa yangu. Hatukulirudia tena mpaka alipofariki.

Nilikwenda Kimbiji baada ya arobaini yake. Nilivuka Kigamboni, nikapata lori linalofuata nazi, njia ikiwa mashimo matupu. Magotini nilipakata mfuko wa mchele, pishi mbili. Nilikuwa nimezipima mwenyewe nyumbani, za tele, na kila kibaba nilikirundika mpaka mchele ukanimwagikia miguuni. Hata hivyo njia nzima nilikuwa na wasiwasi kama zimefika.

Alikuwa amekaa nje ya nyumba ya makuti, anachagua mawe kwenye choroko. Amezidi wembamba. Nilisema shikamoo, akaitika marahaba kabla ya kuinua uso, kisha akaniona.

"Karani."

"Ndiye mie, mzee."

"Umekonda. Hawakulishi Kurasini?"

Nilikaa. Nilimwambia Shangazi ametangulia. Akasema Inna lillahi, vidole bado vimo kwenye choroko.

"Alisema kitu?"

"Alisema, mzee. Aliniambia yote."

Nilitegemea uso wake ufunguke. Badala yake ukakunjamana, kama mtu aliyetafuna jiwe.

"Basi amekosea," alisema. "Jambo nilishalizika. Amekwenda kulifukua kwa nini?"

"Ili nijue nilichokutenda."

"Nawe umejua, umepata nini?"

Nilimwomba radhi, kwa maneno niliyokuwa nimeyapanga tangu Temeke na ambayo yalitoka vibaya. Nilimuuliza kwa nini hakusema.

"Ningesema vipi? Yule bwana wa bandarini kakaa pale, masikio kayatega. Niseme mfuto? Mtoto wa watu angeishi vipi kwa mama mkwe yule?" Akatikisa kichwa. "Nikatafuta pa kuliweka lile neno lisionekane. Mie nina mahali pamoja tu pakubwa, sanduku langu lile."

Nilijinyoosha nimbusu mkono. Aliuvuta, hakulipenda hilo.

"Lakini usinifanye walii, karani. Kwingine nilichukua."

"Kwingine wapi?"

"Kwenye kilele. Nyumba za wakubwa. Tele ikipita kwenye kopo langu inatoka mfuto, kilele kinalala kwenye kikapu. Nani angejua? Mliniangalia kikapu miaka yote, hamkukosea." Akacheka, meno yamebaki machache. "Kwenu hakukuwa na kilele cha kuchukua."

"Na kama kingekuwepo, mzee?"

Alinitazama. Tabasamu la upande mmoja likarudi, lile lile.

"Sifuri kumi na mbili," alisema.

Mpaka leo sijui hilo ni jibu gani. Nimelala nalo mara nyingi. Kuna siku naona ananitania, kuna siku naona ananijibu kweli kabisa.

Nilimsogezea mfuko. "Nimekuletea mchele. Pishi mbili."

Hakuchukua neno langu. Alijiinua kwa kushika mti wa nyumba, akaingia ndani, akatoka na kopo, lile lile, limeota kutu ukingoni. Akaburuta mfuko mpaka pembeni, akanigeuzia mgongo. Mchele ukaanza kuteremka. Nami, mtu mzima, niliyekuja kuomba radhi, nilijikuta nimeinamisha kichwa pembeni ili nione mkono unafanya nini. Sikuona. Mgongo ulikuwa bado mpana.

Pakawa kimya katikati, kama siku ile. Kisha akageuka, kopo mkononi, na juu ya kopo mchele umesimama kilele, punje zinateremka moja moja zikimwangukia vidoleni. Alizitazama zikianguka, wala hakuinama kuziokota. Midomo ikacheza. Nikasubiri sifuri.

"Nyingi hizi, karani," alisema, akamwita mkewe alete sufuria kubwa.